Jina la Mume kwenye Ndaga Muntu Ni Hiari ya Mke

Hotuba kwa akina mama wafanyabiashara wa mpakani, Busia, Uganda

Mama Mwenyekiti, viongozi wa soko, wazee wetu wa baraza la kijiji, LC, mama zangu na dada zangu mliofunga meza zenu siku ya biashara ili mje hapa, na nyinyi kina baba mlioketi kule pembeni: mulembe! Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Niliombwa nizungumzie majina kwenye vitambulisho. Swali ambalo Mwenyekiti alisema linawasumbua wengi ni hili: mwanamke akishaolewa, je, ni lazima jina la mume liingie kwenye ndaga muntu yake, yaani kitambulisho chake cha taifa? Nalijibu kabla ya mengine yote, ili hata yule atakayetoka mapema kuwahi lori la mahindi atoke na jibu. Si lazima. Hakuna sheria ya Uganda inayomwamuru mke kuchukua jina la mume wake, na hakuna inayomkataza. Anaweza kubaki na jina alilozaliwa nalo. Anaweza kuliongeza la mume mbele au nyuma ya lake. Anaweza kuyaunganisha yote mawili kwa kistari. Uamuzi ni wake mwenyewe. Mume anaweza kushauri, mchungaji anaweza kushauri, mama mkwe naye ana haki ya kusema la moyoni. Karani anayejaza fomu hana hata nafasi hiyo ya kushauri; kazi yake ni kuandika ulichomwambia.

Haya siyatoi kichwani mwangu. Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 31, inasema mwanamume na mwanamke wana haki sawa wanapooana, wakiwa ndani ya ndoa, na ndoa inapovunjika. Mwaka 1985 Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, na ibara yake ya 16 imetaja haki ya mke na mume kuchagua jina la familia. Mwaka 2010 tukaridhia Itifaki ya Maputo, ile itifaki ya Afrika kuhusu haki za wanawake iliyopitishwa mwaka 2003. Hiyo ndiyo niipendayo zaidi, maana imeandikwa na Waafrika na imelisema jambo hili bila kuzunguka: mwanamke aliyeolewa ana haki ya kubaki na jina lake la usichana na kulitumia apendavyo, pamoja na la mume au peke yake. Ibara ya 6, kipengele (f). Andikeni kwenye daftari zenu. Siku ukiambiwa kwamba mke wa mtu hawezi kubaki na jina la kwao, mwombe kwa heshima anayesema hivyo akuonyeshe sheria inayosema hivyo.

Sasa kuna neno nalisikia sana, hasa kutoka kwa kina baba, kwamba mwanamke kubaki na jina lake ni mambo ya kizungu. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu historia yetu inasema kinyume kabisa.

Tuanze papa hapa. Kwa Wasamia, baba anaweza kuitwa Wandera, mama Nabwire, na watoto Ojiambo, Taaka na Egesa. Nyumba moja, majina matano, na hakuna jirani aliyewahi kuuliza kama hao ni familia. Nenda Buganda. Msichana hupewa jina la ukoo wa baba yake, na siku ya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwao, hutambulishwa kwa ukoo huo. Akishaolewa hahami ukoo. Watoto wake watakuwa wa ukoo wa mume, yeye atabaki wa kwao mpaka anazikwa. Nenda Bunyoro na Tooro, watu wanaitana kwa mpaako, jina la heshima na upendo: Abwoli, Akiiki, Atenyi, Amooti. Mila hiyo UNESCO iliiweka mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mke na mume kule wanaheshimiana kwa mpaako, kila mmoja na wake. Panda kaskazini kwa Waacholi na Walango, jina lenyewe linakuambia huyu ni mwanamke au mwanamume: Akello na Okello, Apio na Opio. Huko mwanamke akiandikwa Okello, msomaji wa karatasi anatarajia dume liingie ofisini. Hata kwetu, Nekesa akiandikwa Wafula peke yake, yanakuwa yaleyale. Kwenye kadi kitakachomsaidia ni ile namba yake ya utambulisho wa taifa, NIN, inayoanza na CF, maana F hiyo inasema ni mwanamke.

Na Waislamu wenzetu, Wanubi wa Bombo, Waaringa wa Yumbe, na nyinyi mlioketi hapa mbele, mnajua kwamba kwa desturi ya dini mwanamke hubaki binti wa baba yake. Jina lake, la baba, la babu. Ndoa haigusi mpangilio huo. Shehe atakufungisha ndoa na ataandika jina la baba yako kwenye cheti bila kusita.

Basi huo uzungu uko wapi? Uko upande wa pili. Wamishonari na watawala wa kikoloni walikuja na madaftari: ya ubatizo, ya shule, ya ndoa, ya kodi. Madaftari hayo yalikuwa na nafasi ya jina la familia, kwa sababu kwao baba, mama na watoto hubeba jina moja. Sisi hatukuwa na jina la namna hiyo. Tukalitafuta kwa nguvu, na mara nyingi jina la mwanamume mmoja, alilopewa yeye binafsi siku aliyozaliwa, likageuzwa kuwa jina la nyumba nzima. Mpaka leo mbele ya kadi yetu ya taifa kuna sehemu mbili, jina la familia na jina la mtu, na kila Mganda, Msamia au Mlugbara amejikunja aingie humo. Sheria ya Ndoa tunayotumia ni ya mwaka 1904, ya wakoloni wenyewe. Hata hiyo haikumlazimisha mke kubadili jina. Yalikuwa mazoea tu, tukayapokea, halafu tukayaita mila.

Tazameni familia ambayo kila mtu hapa anaijua. Rais wetu ni Yoweri Kaguta Museveni. Baba yake aliitwa Amos Kaguta. Mkewe ni Janet Kataaha Museveni. Mtoto wao ni Muhoozi Kainerugaba. Mama amebeba jina la mume, mtoto hakulibeba. Nani atasema hao si familia moja? Tazameni pia Winnie Byanyima, ambaye sasa anaongoza UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI. Aliolewa na mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye mwaka 1999, na jina lake limebaki Byanyima katika kila ofisi ya dunia aliyokalia. Na wa zamani zaidi ninayempenda kuliko wote, Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, aliyehitimu Oxford mwaka 1954, akiwa wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki kupata digrii ya chuo kikuu. Aliolewa na mchoraji wa Tanganyika, Sam Ntiro, akawa Sarah Nyendwoha Ntiro. Alichukua jina la mume na hakuliacha la kwao. Miaka sitini iliyofuata alijulikana kwa yote mawili, bila kistari, na hakuna aliyepotea njia akimtafuta.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu mwanamke anayeamini kwamba hana chaguo hachagui. Ananyamaza, na wengine wanamwandikia.

Lakini sitaki mtu atoke hapa akisema nimekuja kuwakataza wanawake majina ya waume zao. Wako wanaoyapenda. Mwanamke amependa mume wake, anataka dunia ijue. Mwingine anataka jina lake lifanane na la watoto ili asiulizwe maswali shuleni au hospitalini. Mwingine anasafiri na mume na ameona ni rahisi. Hizo ni sababu nzuri. Mwenye nia hiyo nitamsaidia kuifanya vizuri. Ninachopinga ni mambo mawili: kulazimishwa, na kulichukua jina ukidhani litakulinda mahali ambapo halilindi.

Hapo pa ulinzi ndipo penye machozi mengi, kwa hiyo nisikilizeni. Jina la mume kwenye kadi si ndoa. Ukikaa na mwanamume miaka ishirini, ukaitwa jina lake sokoni, kanisani na kwenye ndaga muntu, kama hamkufunga ndoa inayotambuliwa na sheria, wewe si mke mbele ya mahakama. Uganda haina ndoa inayozaliwa kwa kukaa pamoja tu. Ndoa ni ile ya kanisani au ya serikali, ile ya Kiislamu, ile ya Kihindu, au ile ya kimila. Ya kimila nayo ina sheria yake tangu mwaka 1973, inayotaka isajiliwe. Wangapi hapa walifanyiwa kwanjula, ng'ombe wakatolewa, picha zikapigwa, na mpaka leo hawajaenda sabukaunti kuisajili? Naona mikono. Akina mama, hiyo karatasi ndiyo ya kukimbilia kwanza, kabla ya jina. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndoa nayo ni hivyo.

Upande wa pili, mke aliyeolewa kisheria akabaki na jina la baba yake hajapoteza kitu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, kama ilivyorekebishwa 2004, inasema ardhi ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Haikusema mwenzi mwenye jina la mume. Marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya mwaka 2022 yanasema mume akifa bila wosia, asilimia 20 ya mali ni ya mjane, 75 ya watoto, 4 ya wategemezi wengine, na 1 ya mrithi wa kimila. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mjane aitwe kwa jina la marehemu. Watakuuliza cheti cha ndoa. Mwenye cheti na jina la kwao ana nguvu kuliko mwenye jina la mume asiye na cheti.

Na wale wanaosema, "nilitoa mahari, kwa hiyo jina lake ni langu", nawakumbusha kesi iliyoanzia kwa jirani zetu. Shirika la MIFUMI la Tororo lilikwenda mahakamani juu ya mahari, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kudai mahari irudishwe ili ndoa ya kimila ivunjwe ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Ila mahakama ilikataa hesabu ya kumfanya mwanamke kama kitu kilicholipiwa. Jina lake nalo halikulipiwa.

Sasa tuje kwenye karatasi, kwa sababu ndiko mnakoumia kila wiki.

Chukueni mwanamke, tumwite Grace Nekesa, ameolewa na Wafula. Cheti chake cha mtihani wa taifa, UNEB, kimeandikwa Nekesa Grace. Cheti cha ndoa, Grace Nekesa. Alipoandikishwa kitambulisho karani alimuuliza jina la mume, akalitaja kama anavyojibu swali lolote, na kadi ikatoka Wafula Grace. Benki akafungua akaunti kwa kistari, Grace Nekesa-Wafula, kwa sababu aliona ni heshima. Na kiwanja alichonunua kwa jasho lake, kwenye makubaliano yenye muhuri wa LC1, muuzaji aliandika Mama Brian. Siku zote mambo yanakwenda, mpaka siku moja anataka mkopo, au hati ya kiwanja, au pesa za PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo. Hapo ndipo anaambiwa karatasi hizi si za mtu mmoja. Anayemwambia hivyo, kusema kweli, anatimiza wajibu wake, kwa sababu angekuwa mwizi amekuja na kadi ya mtu mwingine tungetaka azuiwe.

Siku hizi kila kitu kimefungwa kwenye NIN: laini ya simu, pesa za simu, akaunti, pasipoti, kodi. Kompyuta haijui kwamba Wafula Grace ni yule Nekesa aliyesoma na wewe. Inalinganisha herufi.

Na kistari? Hili watu wengi hawalijui, nalieleza taratibu. Geuza ndaga muntu yako. Upande wa nyuma chini kuna mistari mitatu ya herufi kubwa na alama zinazofanana na ncha ya mkuki. Pasipoti nayo ina mistari kama hiyo, miwili, kila mmoja nafasi 44. Ndiyo inayosomwa na mashine uwanja wa ndege na mpakani. Imewekwa kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na kanuni hizo haziruhusu kistari kwenye mistari hiyo. Mahali pa kistari hukaa ile ncha ya mkuki, ileile inayokaa mahali pa nafasi tupu. Maana yake, mbele ya mashine hiyo Nekesa-Wafula na Nekesa Wafula ni kitu kimoja. Kwenye pasipoti, nafasi za majina ni 39 tu, kwa hiyo jina refu lenye ubatizo, ukoo, baba na mume linaweza kukatwa mwishoni. Tiketi ya ndege nayo mara nyingi hukitupa kistari na kuyabana majina yawe neno moja.

Lakini benki, wizara na ofisi ya ardhi hazisomi kwa mashine hiyo. Huko kistari kinahesabiwa. Kipo kwenye kadi hakipo kwenye akaunti, tayari ni maswali. Kwa hiyo ushauri wangu, nautoa kwa sababu nimeona wanawake wakizungushwa kwa ajili ya alama ndogo kama hii: ukitaka majina yote mawili, yaandike mbalimbali, kama Sarah Nyendwoha Ntiro. Ukikipenda kistari, kiweke, ni haki yako. Ila kiweke kila mahali, na kila unaposaini fomu kikague kwa macho yako.

Kabla hujaamua, toa karatasi zako zote uziweke mezani, uangalie ile ambayo haitabadilika. Kwa wengi ni cheti cha UNEB. Jina ulilofanyia mtihani ndilo litakalobaki humo, hata ukiolewa, hata ukiachika. Ukishajua jina lisilosogea liko wapi, yavute mengine yalifuate. Usifanye kinyume, ukaifukuza karatasi isiyosogea.

Kadi za kwanza za mwaka 2014 zilikuwa za miaka kumi, na ndiyo sababu mwezi Mei 2025 NIRA, mamlaka ya vitambulisho, ilianza kazi kubwa ya kuzihuisha bila malipo. Kuhuisha kadi ni jambo moja. Kubadili taarifa zilizomo ni jambo lingine, lenye fomu zake na ada yake. Usisimame kwenye mstari wa kuhuisha ukidhani jina la mume litajiingiza lenyewe au litajifuta lenyewe. Namba ya NIN haibadiliki, hata jina likibadilika. Na tafadhali, asitokee mtu wa kukushauri ukajiandikishe upya kama mtu mpya kwa jina jipya. Alama za vidole vyako zimo humo. Mfumo utakukuta, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai.

Njia halali ni hii. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 inasema mtu mzima anayetaka kubadili jina, na imewataja waziwazi wenye ndoa, wajane na walioachana, atangaze nia yake kwenye Gazeti la Serikali. Zisipungue siku saba tangu tangazo, ndipo apeleke maombi yake kwa afisa wa usajili. Hati ya kubadili jina huandaliwa na wakili na kusajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Ukiongeza jina la mume, tayarisha cheti cha ndoa, maana ndicho kitakachoulizwa. Ada ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo ya mamlaka ya mapato, URA, benki au kwa simu. Anayekwambia umpe mkononi nyuma ya jengo, mwache.

Kuna kiapo pia, kile kinachoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Watu wanakichanganya na hati ya kubadili jina, na wanauziwa kimoja mahali pa kingine. Kiapo kinafaa kueleza kwamba Nekesa Grace na Grace Nekesa ni mtu yuleyule, majina yamepishana tu au moja limeachwa. Hakizai jina jipya. Wanasiasa wetu wamejifunza hilo kwa gharama kubwa. Kesi za uchaguzi zimefika mpaka Mahakama ya Rufaa kwa sababu jina la kwenye cheti cha shule halikuwa lile la kwenye karatasi ya kugombea, na mgombea alitegemea karatasi isiyotosha. Kama mbunge mwenye mawakili anasumbuka, wewe mwenye meza ya nyanya usikubali kuandikiwa kitu usichokielewa.

Na kukielewa ndiko kunakonikera, niseme wazi. Tangu mwaka 2005 Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo fomu tunazopewa ni za Kiingereza, na mama ambaye hakusoma Kiingereza anaweka dole gumba chini ya jina ambalo hakulisikia likisomwa. Naziomba ofisi za usajili, na naamini maofisa wao waliopo hapa watalifikisha: mwanamke asomewe jina lake kwa sauti, kwa lugha anayoijua, kabla fomu haijafungwa. Na asiulizwe jina la mume kana kwamba ni sehemu ya jina lake. Aulizwe hivi: unataka kuitwaje?

Nyinyi mnaovuka kila siku, tangu mwaka 2014 ndaga muntu inatosha kuingia Kenya na Rwanda. Kwa hiyo kadi hiyo ndiyo pasipoti yenu, ndiyo duka lenu. Jina lililomo lilinganishwe na la kwenye simu leo jioni mkifika nyumbani. Tuma shilingi kidogo kwa mwenzako, umwambie akusomee jina lililotokea.

Wajane, na wale ambao ndoa zimekwisha, nimewaweka mwisho kwa sababu mmekuja wengi na mnahitaji jibu lililo kamili. Mume akifa, jina lake ulilolibeba ni lako. Hakuna shemeji wala mkwe mwenye mamlaka ya kukuvua, na anayetishia kwenda NIRA kukufuta hana njia hiyo. Ukitaka kurudi kwenye jina la kwenu, unarudi kwa Gazeti na maombi, kama nilivyosema. Ndoa ikivunjwa na mahakama ni hivyo hivyo, na hukumu ya talaka unaibeba. Ukitaka kubaki nalo kwa sababu umefanyia kazi chini yake miaka mingi, baki nalo. Speciosa Wandira Kazibwe alikuwa Makamu wa Rais tangu 1994 mpaka 2003. Ndoa yake ilivunjika, na majina yale yote aliendelea kuyatumia, hata Umoja wa Mataifa ulipomteua mwaka 2013 kuwa mjumbe wake wa UKIMWI barani Afrika. Alikuwa amelijenga jina hilo kwa kazi yake mwenyewe.

Kina baba, nanyi nina neno moja. Mke wako akija kukwambia anataka kubaki Nabwire, usimuulize kama anapanga kuondoka. Muulize kama mmesajili ndoa yenu. Kama hamjasajili, twendeni wote sabukaunti.

Nimemaliza yangu. Pale chini ya mwembe kuna meza, na wenzangu wawili watakaa mpaka saa kumi jioni. Mwenye kadi, cheti cha shule na cheti cha ndoa azilete zote tatu tuzisome pamoja, bure. Sasa tuchukue maswali, tuanze na mama mwenye kitenge cha njano aliyeinua mkono tangu nilipotaja kiapo.